Kondoa hadi Dodoma, 1916: vita niliyoihesabu kwa magunia

Tarehe 29 Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, wanajeshi wa upande wa Waingereza chini ya Jenerali Jacob van Deventer waliingia Dodoma na kuikata reli ya kati ya Wajerumani. Masimulizi mengi ya vita ile, kwa upande wetu, huishia hapo. Kondoa imeshatekwa, Dodoma imetekwa, mwezi unaofuata Mpwapwa na Kilosa, kisha msomaji anavutwa kwenda Morogoro na Rufiji kumfukuzia Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, haitajwi tena.

Mimi ni mtunza ghala. Kazi yangu ya miaka yote hapa Dodoma imekuwa kupokea nafaka, kuipima, kuitoa, na jioni kulinganisha leja na kilichopo sakafuni. Siwezi kusoma habari za maelfu ya watu wenye silaha wakipita kwenye nchi kame bila kujiuliza walikula nini, kilitoka wapi, na waliobaki nyuma waliachiwa nini. Nimeisoma vita hii muda mrefu nikiwa na swali hilo, na hukumu yangu ni kwamba mashambulizi yale hayakuishia Julai 1916. Yaliisha 1920, na walioyalipia hawakuwa katika jeshi lolote kati ya yale mawili.

Nina sababu ya nyumbani pia. Nimezaliwa Kondoa, ni Mrangi, na nimeolewa Bahi kwa Wagogo. Kwetu wazee walisimulia mizinga. Babu mzaa mama alisikia kwa baba yake jinsi watu walivyokimbilia mapangoni upande wa Kolo na mbuzi wao, wakakaa huko mpaka milio ikakoma. Ukweni hakuna anayesimulia mizinga. Ukweni wanasimulia Mtunya, ile njaa. Bibi yake mume wangu, Mungu amrehemu, alipanga umri wa watu kwa Mtunya: huyu alizaliwa kabla, yule alizaliwa baada, na kuna watoto aliowataja bila kusema walizaliwa lini, kwa kuwa hawakukua. Nyumba hizi mbili zilishika kila moja nusu ya habari ileile, na sijawahi kumsikia mtu akiziunganisha.

Jan Smuts alichukua uongozi wa majeshi ya Waingereza ya Afrika Mashariki mwezi Februari 1916. Machi akasukuma kuzunguka Kilimanjaro, akachukua Taveta, Moshi na Kahe. Masika ilikuwa mlangoni na hakutaka imkute amekaa, hivyo akamtuma van Deventer ashuke kusini na wapanda farasi wake wa Afrika Kusini, wapite Lolkisale na chini ya mlima Ufiome hadi Kondoa Irangi. Makamanda hawa wawili walikuwa Makaburu. Miaka kumi na mitano kabla ya hapo walipigana na Waingereza haohao, na jeraha la koo alilolipata van Deventer katika vita ile lilimwachia sauti ya kukwaruza maisha yake yote. Walichokijua ni mwendo wa kasi juu ya farasi, kumzunguka adui badala ya kumkabili usoni. Kwenye nyanda za kwao mbinu hiyo iliwafaa sana. Huku kwetu kulikuwa na mbung'o, nzi anayewaambukiza farasi ndorobo.

Mwanzoni mwa Aprili wakakizingira kilima cha Lolkisale. Maji ya sehemu ile yalikuwa kilimani, mikononi mwa jeshi la Wajerumani, na farasi wa Makaburu walivumilia kiu mpaka askari zaidi ya 400 waliokuwa juu walipoweka silaha chini. Kutoka hapo wakashuka haraka upande wa Ufiome, na tarehe 19 Aprili wakaingia Kondoa. Ukiitazama ramani utawasifu. Takribani maili 200 ndani ya wiki chache, mji wenye boma umechukuliwa, na reli ya kati imebaki mbele kidogo tu.

Lakini tuhesabu kilichofika. Farasi walikufa kwa mamia njiani, kwa ugonjwa wa ndorobo, kwa ugonjwa wa farasi wenyewe, kwa kuchoka. Kati ya wapanda farasi takriban 1,200 walioanza, waliobaki Kondoa wakiwa na uwezo wa kupigana walikuwa kama nusu. Nyuma yao mvua ikaifunga njia. Udongo mweusi wa mbugani unajulikana kwa yeyote aliyewahi kusafiri Babati kabla ya lami: ukilowa haupitiki kwa gari, haupitiki kwa mkokoteni, na ng'ombe wa kuvuta anazama hadi tumbo. Homa na kuhara vikaingia kambini. Jeshi lililoshinda likawa limejifungia lenyewe Kondoa, likiwa na posho pungufu, na mahitaji yake yote yakiwa yamekwama matopeni upande wa Arusha.

Paul von Lettow-Vorbeck aliliona hilo. Akamwachia Meja Kraut kikosi cha kuulinda upande wa Usambara, na yeye akawahamisha wengine: kwa miguu hadi reli ya kati, kwa treni hadi Dodoma, kisha kwa miguu tena hadi Kondoa. Alikusanya takriban wapiganaji 4,000, wengi wao wakiwa askari Waafrika, pamoja na mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye meli ya kivita ya Königsberg, ile iliyoangamia delta ya Rufiji mwaka 1915. Mzinga wa meli, Kondoa, kwenye vilima visivyojua hata harufu ya bahari. Ulivutwa kwa nguvu za watu.

Usiku wa tarehe 9 Mei akashambulia. Siku chache kabla, askari wa miguu wa Afrika Kusini walikuwa wamewasili baada ya kutembea kwenye matope yale, na ndio waliokuwa kwenye mahandaki ya upande alioupiga. Askari wa Lettow walirudi juu ya kilima mara kwa mara gizani, na kila mara bunduki za mtombo ziliwarudisha. Kulipopambazuka shambulio lilikuwa limeshindwa. Ninalisema hili wazi kwa kuwa kuna watu wanaomtaja Lettow kama kamanda ambaye hakuwahi kushindwa. Kondoa alishindwa. Alikuwa na watu wengi kuliko kawaida yake, alichagua mahali na saa, adui yake alikuwa mgonjwa na mwenye njaa, na bado alishindwa kuuchukua mji.

Baada ya hapo majeshi mawili yakakaa yakitazamana hadi mwishoni mwa Juni. Vitabu hupita sehemu hii kwa aya moja, kwa kuwa hakuna kubwa lililotokea. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu yenyewe.

Chukua wapiganaji 4,000 wa Lettow peke yao. Mpe kila mmoja kilo moja ya unga kwa siku, usihesabu nyama wala chumvi. Hizo ni kilo 4,000, yaani magunia 40 ya kilo mia kila siku ya Mungu. Kwa siku 45 ni magunia 1,800. Magunia hayo si mengi kwa ghala la leo. Lori kadhaa zinayamaliza. Ila mwaka 1916 Dodoma hadi Kondoa hakukuwa na lori la Mjerumani wala reli. Kulikuwa na vichwa vya watu. Mpagazi alibeba kama kilo 25. Njia ni kama kilomita 160, na kwa mwendo wa kilomita 20 kwa siku ni siku nane kwenda na siku nane kurudi. Kama naye anakula kilo moja kwa siku kutoka kwenye mzigo huohuo, kati ya kilo 25 alizotoka nazo Dodoma, kilo 16 ni zake na zinazomfikia askari ni 9. Ili kilo 4,000 zifike kila siku, inabidi wapagazi zaidi ya 440 wawe wanawasili kambini kila siku, na zaidi ya 7,000 wawe barabarani wakati wote, wengine wakipanda, wengine wakishuka. Na hapo bado sijagusa risasi, mizinga, majeruhi, wala wapagazi wa kambini wenyewe ambao nao wana matumbo.

Nimeirudia hesabu hii kwa kubadilisha uzito, kubadilisha mwendo, kupunguza posho hadi robo tatu. Inapungua, lakini haifiki mahali ambapo jeshi lile lingeweza kuishi kwa mizigo ya kutoka relini pekee. Sehemu kubwa ya chakula ilibidi itoke karibu, na karibu maana yake ni vijiji. Upande wa pili wa mstari hali ilikuwa hiyohiyo, kwa sababu stoo ya van Deventer ilikuwa imekwama matopeni. Majeshi mawili yalikuwa yakila kutoka kwenye mashamba ya Warangi, na yalikutana hapo mwezi wa tano, wakati mtama na uwele unakomaa. Kama ni kupanga kwa nia mbaya, mtu asingepata majira mabaya zaidi.

Ndugu zangu wa Kondoa hupenda kuonyesha wageni mabonde na kusema haya ni mahandaki ya Mjerumani. Mengine huenda ni kweli. Lakini makorongo ya kwetu yamemomonyoka kwa mvua kiasi kwamba mkono wa askari na mkono wa maji ni vigumu kuvitenga, na nisingependa tuiweke kumbukumbu yote kwenye mashimo.

Mwishoni mwa Juni Lettow alilazimika kuondoka. Wakati yeye akikodolea macho Kondoa, Smuts alikuwa ameteremka na mto Pangani tangu Mei, na sasa alikuwa akielekea kuikaribia reli upande wa Morogoro. Hapa niwe mwadilifu kwa van Deventer: kukaa kwake Kondoa akiwa nusu mfu kulimvuta Lettow na sehemu kubwa ya nguvu zake mbali na Usambara, na njia ya Smuts ikawa nyepesi. Kama kazi yake ilikuwa hiyo, aliifanya. Katikati ya Julai, akiwa ameongezewa watu, akaanza kushuka kupitia upande wa Chenene na Haneti, akapita Mayamaya, na tarehe 29 akafika Dodoma. Siku chache baadaye Kilimatinde. Tarehe 12 Agosti Mpwapwa, tarehe 22 Kilosa. Dar es Salaam ikachukuliwa tarehe 4 Septemba, na Wabelgiji wakaingia Tabora tarehe 19. Reli yote ikawa imeponyoka mikononi mwa Wajerumani.

Sasa njoo Ugogo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na haina ahadi. Wagogo waliijua nchi yao na wakajipanga nayo. Mwaka mzuri nafaka inajaza vilindo, yaani vihenge vya nyumbani, kwa ajili ya mwaka mbaya. Vilindo vikiisha, kuna ng'ombe. Mgogo hakufuga kwa fahari tu, kama walivyoandika wengine kwa dharau. Mwaka wa njaa alimswaga dume akaenda kuhemea kwa jirani aliyepata mvua, akarudi na nafaka. Na ng'ombe wenyewe hawakukaa boma moja: wengine waliwekwa kwa ndugu, wengine kwa rafiki wa mbali, ili ugonjwa au ukame wa sehemu moja usimalize kila kitu. Juu ya hayo yote kuna mikono ya kulima, vijana wa kiume na wa kike, wanaotakiwa kuwa shambani mvua ya kwanza ikigusa ardhi.

Vita ilichukua vyote vitatu. Wajerumani walichukua nafaka na ng'ombe kulisha jeshi lao kabla ya kurudi nyuma. Waingereza walipofika walikuta Dodoma kituo kizuri cha reli na wao wakachukua ng'ombe, nafaka na watu. Vita ilikuwa imehamia kusini, na kusini kulihitaji wapagazi kuliko kitu chochote. Vijana wa Ugogo wakakusanywa na kupelekwa mbali, na wengi hawakurudi. Kisha mvua zikakosekana. Ukame wa aina ile ulikuwa umeshapita Ugogo mara nyingi kabla, na watu walikuwa wameuvuka kwa vilindo, kwa ng'ombe, kwa kuhemea. Safari hii walipoinua mkono kushika kimoja kati ya hivyo, hawakukuta kitu. Njaa ilianza 1917 na kuendelea hadi 1920, na katikati yake ikapita ile homa kali ya mafua iliyozunguka dunia. Makadirio ya wakati ule yanataja watu 30,000 waliokufa kati ya watu wapatao 150,000. Mmoja kati ya watano. Familia zikahamia mbali, watoto wakaachwa kwa watu wenye chakula ili angalau wale, na wengine wakakulia huko na kubaki huko.

Weka idadi hiyo kando ya wanajeshi waliokufa kwenye mapigano ya Kondoa, ambao kwa pande zote mbili hawakufika hata elfu moja, halafu uniambie vita kubwa ya mkoa huu ilikuwa ipi.

Kwa hiyo ninaipima vipi operesheni ile? Kwa lengo lake yenyewe, ilifanikiwa nusu. Smuts alitaka kulivunja jeshi la Wajerumani, na hakulivunja, alilisukuma. Alipata ardhi, boma, stesheni, daraja. Mwanzoni mwa 1917 akaondoka na kusema kazi kubwa imekwisha, na vita ikaendelea karibu miaka miwili mingine, van Deventer mwenyewe akirithi uongozi mwezi Mei 1917. Lettow aliweka silaha chini Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, baada ya vita kwisha Ulaya. Kasi ile ya Aprili, farasi wale waliokufa, mwendo ule wa kuvuka matope, viliwapa Waingereza reli mapema. Havikuwapa ushindi mapema.

Mjomba wangu hakubaliani nami kuhusu Lettow. Ni mstaafu wa jeshi letu, alikuwa dereva wa malori vita vya Kagera, na tukikaa kwake Veyula jioni mjadala huu hauishi. "Mwanangu," ananiambia, "kamanda anahukumiwa kwa kazi aliyopewa. Yule alitakiwa awashikilie Waingereza wengi huku ili wasiende Ulaya. Aliwashikilia mpaka mwisho."

"Kweli, mjomba. Na posho yake ilitoka kwa nani?"

"Vita yoyote inakula. Sisi tulikwenda Uganda, unga niliubeba mimi mwenyewe. Ulitoka kwa wananchi hawahawa."

Ni kweli, na ndiyo maana namjibu kwa Kagera hiyohiyo. Mwaka 1978 Mwalimu alisimama akawaambia wananchi kuwa sababu ya kupigana tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Baadaye alituomba tufunge mikanda miezi kumi na minane. Ilizidi miezi hiyo kwa mbali, na walioishi miaka ya themanini wanakumbuka foleni za sabuni na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Lakini tuliambiwa. Nchi ilikuwa yetu, iliyovamiwa ni yetu, na gharama tulitajiwa, hata kama ilitajwa pungufu. Mwaka 1916 Mgogo wa Bahi hakuwa na sababu ya kupigana na mtu wa Pretoria wala nia ya kumtetea mtu wa Berlin. Alichokuwa nacho ni uwezo: nafaka, ng'ombe, mabega. Pande zote mbili zilikuja kuuchukua uwezo huo kwa zamu. Mtu aliyewashikilia Waingereza miaka minne alifanya hivyo kwa chakula cha watu ambao hawakuulizwa, na sioni ni kwa nini sifa ya kustahimili apewe yeye.

Mjomba alinyamaza kidogo hapo, kisha akasema jambo ambalo nimelishika. Alisema jeshini, dereva wa chakula akichelewa anaandikwa, lakini kijiji kilichotoa chakula hakiandikwi popote, labda awepo karani anayejali.

Makarani wapo. Katika ghala moja tu la leo tunajaza karatasi za kutosha kueleza kila debe. Kwa wazee wa Bahi, Chamwino na Kondoa bado kuna habari zilizopokelewa kwa wazazi wao: boma la nani liliswagwa ng'ombe wote asubuhi moja, kijana gani alipelekwa na mzigo wa risasi, shamba gani halikulimwa mwaka uliofuata. Nimeanza kuziandika kwenye daftari la leja, kwa kuwa ndilo daftari ninalolimudu: kijiji, kilichochukuliwa, aliyechukua, na kama kililipwa. Safu ya aliyechukua inachanganyika, Mjerumani kwenye mstari huu, Mwingereza kwenye unaofuata, na mara nyingine mzee anasema tu "wenye bunduki".

Dar es Salaam kuna Sanamu ya Askari tangu 1927, na maandishi yake yanawataja wapagazi pia. Ni heri hata hivyo, maana kwa hesabu za Waingereza wenyewe wapagazi waliokufa wakiwatumikia ni takriban 95,000. Ila Ugogo ilistahili jiwe lake. Ningependa likae karibu na stesheni ya reli, mahali ambapo watu na magunia walipakiwa, liandikwe Kigogo, Kirangi na Kiswahili, na litaje Mtunya kwa jina na miaka yake. Yawekwe majina ya vijiji, kimoja kimoja, kwa kadiri yatakavyopatikana. Majenerali wameshaandikwa kwingine.